Jibu: Kitambaa kukunjamana unapodarizi kwa mkono

Ndugu, umeuliza kwa nini kitambaa chako hukunjamana kila unapodarizi, na kama sashiko, udarizi wa Kijapani, ni mwanzo mzuri. Mara nyingi kosa ni kuvuta uzi mno. Uache ulale tu, na ukimaliza mstari kinyooshe kitambaa kwa vidole kabla ya kugeuza sindano. Wadarizi wa sashiko huacha hata kitanzi kidogo upande wa nyuma kwenye kona. Na ndiyo, anzia hapo, maana ni bandi tupu, ule mshono rahisi wa sindano kuingia na kutoka kwa mstari. Baadaye jaribu kantha ya Bengali: tabaka za sari kuukuu hushonwa pamoja kwa bandi hiyohiyo, na huko mikunjo midogo ndiyo uzuri wenyewe! Siku hizi wengi hutumia mbinu hizi kuonyesha kiraka badala ya kukificha, jambo ninalolipenda sana.