Polima kwenye maji ya bomba: sumu iko wapi, na inaozaje

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama polima, yaani dawa inayowekwa kwenye maji ili uchafu ushikane na kuzama, inaleta saratani kama ile klipu ya WhatsApp inavyodai, na kama ikifika mtoni inaoza au inakaa milele. Ukataja pia habari za Sweden, ambako akrilamaidi ilivuja kwenye maji. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mto, upande wa dawa, kwa hiyo nitajibu kwa ninayoyajua kazini.

Klipu imechanganya vitu viwili. Akrilamaidi ni molekuli ndogo inayoyeyuka upesi kwenye maji. Hiyo ni sumu kweli: inaharibu mishipa ya fahamu, na mwaka 1994 IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Poliakrilamaidi, ambayo ndiyo polima yenyewe, ni makumi ya maelfu ya molekuli hizo zilizoshikana kuwa mnyororo mmoja. Mnyororo huo ni mkubwa mno kupenya utumbo. Ukiumeza, unapita na kutoka. Cha kuogopa ni ile akrilamaidi ambayo haikuungana kiwandani na inakuja humo humo kwenye mfuko wa polima.

Masika mto unapogeuka rangi ya udongo mwekundu, shabu peke yake inachelewa: chembe zinashikana lakini zinabaki nyepesi, hazizami. Hapo ndipo polima inaingia, kidogo sana. Tunapima asubuhi kwa bikari sita (vyombo vya kioo vya maabara) zilizopangwa kwenye mashine ya kukoroga, kila moja na kipimo chake. Bikari iliyopata kipimo sawa unaiona kwa macho: mabonge yanakua, yanashuka chini, maji ya juu yanabaki maangavu. Iliyozidishiwa inabaki na utelezi, na maji yake yakifika kwenye mchanga wa chujio yanauziba. Kwa hiyo hata bila sheria hakuna fundi mwenye akili anayemwaga polima ovyo. Chujio lenyewe litamwadhibu kabla ya mkaguzi kufika.

Sasa hesabu, maana ndiyo jibu lenyewe. Marekani inaruhusu polima yenye akrilamaidi isiyozidi asilimia 0.05, kwa kipimo kisichozidi miligramu 1 kwa lita. Zidisha: unapata mikrogramu 0.5 kwa lita, na hicho ndicho kiwango elekezi cha WHO kwa maji ya kunywa. Umoja wa Ulaya ni wakali zaidi, 0.1. Angalia kwamba hapo hakuna aliyepima maji ya bombani. Wanabana mfuko na kipimo, kwa sababu akrilamaidi ikishaingia kwenye maji haizami na tope, haishikwi na mchanga, na kuchemsha nyumbani hakuitoi. Anayekwambia "chemsha tu" hajui anachosema.

Ndiyo maana mimi naogopa manunuzi kuliko kemia. Kuna polima za daraja la maji ya kunywa na kuna za majitaka na migodi, ambazo ni rahisi na hazina haja ya kuwa safi kiasi hicho. Mzabuni mmoja aliwahi kutuletea shehena isiyo na cheti cha akrilamaidi iliyobaki, akasema "ni ile ile tu, mkuu". Mkemia wetu akaikataa getini, na kelele za ofisini zilikuwa nyingi kweli kweli.

Kuhusu kuoza: hapa pia vitu viwili vinatofautiana. Akrilamaidi yenyewe bakteria wanaimudu. Wanaigeuza kuwa asidi ya akriliki na amonia, kwa siku au wiki kadhaa kutegemea joto na kama wameshaizoea. Mnyororo ni mgumu. Bakteria wanaweza kung'oa naitrojeni ya pembeni na kuitumia, lakini uti wa mgongo wa kaboni unawashinda. Unakatwakatwa na jua, jembe na msukosuko wa maji, polepole. Kwenye mashamba ya Marekani, ambako wanaitia kwenye mifereji ya umwagiliaji kuzuia mmomonyoko, makadirio yanayotumika ni kama asilimia 10 kwa mwaka. Na ukikatika, unatoa minyororo mifupi. Haufumuki kurudi kuwa akrilamaidi moja moja kama watu wanavyodhani. Ujerumani imeweka sharti kwamba polima kwenye tope linalopelekwa mashambani ziwe zinaoza angalau asilimia 20 ndani ya miaka miwili. Nadhani na sisi tungehitaji sharti kama hilo, maana polima karibu yote inaishia kwenye tope, na tope letu linaishia popote.

Mtoni wasiwasi wangu ni samaki. Polima yenye chaji chanya inanata kwenye mashavu yao, na kwenye maji safi inaua kwa kiasi kidogo mno. Yenye chaji hasi ni pole zaidi. Maji ya kuoshea matangi ya polima yasielekezwe mtoni, basi.

Zile habari za Sweden ulizotaja ni kweli, ila ilikuwa kitu kingine. Mwaka 1997 kwenye handaki la Hallandsås walipiga dawa ya kuziba nyufa yenye akrilamaidi mbichi, isiyoungana. Ikavuja kwenye maji, samaki wakafa, ng'ombe wakapooza, wafanyakazi wakapata ganzi. Walipopima damu za wafanyakazi wakashangaa kukuta alama za akrilamaidi hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga handaki. Kufuatilia hilo ndiko kulikoleta tangazo la Sweden la Aprili 2002: akrilamaidi inajitengeneza yenyewe kwenye viazi vinavyokaangwa. Ulaya leo wameweka mikrogramu 500 kwa kilo kama kigezo cha chipsi. Sahani ya gramu 200 ikifika kigezo hicho ina mikrogramu 100. Lita mbili za maji yaliyo kwenye kikomo cha WHO zina 1. Chipsi mayai hamjaitengenezea klipu.

Kwa walio mitamboni: hatari ya kila siku ni sakafu. Unga ukimwagika ukapata maji unakuwa mlenda, na nimeona mtu mzima akivunjika mkono. Usipige maji, mwaga mchanga au maranda, zoa kukiwa kikavu, ndipo uoshe. Vaa barakoa unapofungua mfuko.

Na wewe mkuu, andikia mamlaka ya maji ya kwenu uombe mambo mawili: cheti cha akrilamaidi iliyobaki kwenye polima wanayotumia, na kipimo cha juu wanachoweka wakati wa masika. Ukivipata vibandike hapa, hesabu tutaipiga pamoja.