Jibu: mstari wa velo ambao mashofere hawauheshimu

Ndugu wa Himbi (mtaa wa Goma), nimekuelewa: mulichora mstari mweupe pembeni ya barabara ya masomo juu ya velo (baiskeli) na chukudu (skuta ya mbao ya kubeba mizigo), lakini teksi na wamotari wanapaki humo tu. Mimi naona shida si mashofere peke yao, mstari mutupu haumwambii mutu ni njia ya nani, anafikiri ni pa kusimamia.

Chora velo kubwa na mushale, uirudilie kisha kupita kila makutano juu shofere anayeingia kutoka avenue ingine hakuona ile ya kwanza. Na pale magari yanakata njia ya velo, hapo ndiyo muweke rangi nzito chini, Copenhagen wanatumia buluu, Uholanzi nyekundu, si lazima njia yote, rangi ni bei.

Mbele ya kuchora mufagie na kuosha kabisa, na lami ikauke, hili vumbi letu la volkano likibaki chini rangi inashika vumbi, haishiki lami, inabanduka upesi sana. Tafuta rangi ya barabara, si ya nyumba, ikiwa ingali mbichi mwagia shanga ndogondogo za kioo, ndizo zinarudisha mwangaza wa gari usiku, na umeme wetu munaujua.

Ila tafadhali musirudie kuchora wenyewe. Pitia meri (ofisi ya muji) na polisi ya barabarani, muombe injinia apime: mstari ukipita karibu sana na magari yaliyopaki, mlango mumoja ukifunguliwa unaangusha mtoto. Na muulize kama wanakubali bordure (ukingo wa zege), maana rangi peke yake haisimamishi gari.