Unyayo wa maji WA wakazi au YA wakazi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Dodoma kwenye mradi wa maji, tunaandika taarifa ya Kiswahili watakayosomewa wenyeviti wa vijiji. Bosi kaandika "kupima nyayo ya maji ya matumizi ya binadamu kwenye bonde la Mto Kinyasungwe". Mmoja ofisini anasema "nyayo ya" ni kosa, wengine wanasema mbona tunaisikia kila siku. Ipi sahihi?

Marahaba. Huyo mmoja kapatia. Umoja unyayo, wingi nyayo, kama ufa na nyufa, kwa hiyo ni unyayo wa maji au nyayo za maji, basi. (Wakenya tuwaachie "Nyayo" yao, kaulimbiu ya Rais Moi ya tangu 1978, ile imeshakuwa jina.)

Ila mi naona hiyo sentensi inaumwa mahali pengine kabisa, kwenye hizo "ya" zinazofuatana. "Maji ya matumizi ya binadamu" mwenyekiti akisikia anaelewa maji ya kunywa, kuoga na kufua, yaani ndoo na bomba, wakati hesabu yenyewe ya unyayo wa maji (Kiingereza water footprint), ile aliyoianzisha Mholanzi Arjen Hoekstra mwaka 2002, inataka pia maji yaliyokwenda kwenye chakula na bidhaa tunazotumia, na huko ndiko yaliko mengi. Kilo moja ya mchele kwa wastani wa dunia inakula kama lita 2,500, hizo ni ndoo 125 za lita ishirini, na nyama ya ng'ombe kilo moja inapita lita 15,000 ingawa nyingi ni mvua iliyootesha majani aliyokula ng'ombe.

Sasa angalia hizi mbili: "unyayo wa maji ya wakazi" na "unyayo wa maji wa wakazi". Ya kwanza "ya" imeshika maji, ni maji yao, ya kisima chao. Ya pili "wa" imeshika unyayo, ni unyayo wao hata kama maji yametumika mbali, mtu wa Dodoma mjini akila wali wa Kyela maji ya huo mpunga yametoka Bonde la Ziwa Nyasa lakini yanahesabiwa kwake. Na zabibu za hapo Dodoma zikinywewa kama mvinyo Dar, maji yake hayahesabiwi kwa mlaji wa Dodoma bali kwa mnywaji wa Dar, ila ukihesabu maji yaliyotumika ndani ya bonde yanabaki palepale. Hizo ni namba mbili tofauti na kinachozitenganisha kwa Kiswahili ni herufi moja, we mwulize bosi anataka ipi kabla hamjachapa.

Na hilo neno bonde. Kwa mkulima bonde ni kule chini penye majaluba, mtu wa mlimani atakwambia sisi hatumo. Kwa watu wa maji bonde ni ardhi yote ambayo mvua yake inaishia mto mmoja, vilima vikiwemo. Ongeza kwamba mkoa wa Dodoma umekaa kwenye mabonde matatu ya kiofisi, Makutupora na Hombolo ziko Wami/Ruvu, Mtera iko Rufiji, Bahi iko Bonde la Kati, halafu Bahi hiyohiyo unaambiwa iko Bonde la Ufa! Kwa hiyo msiseme "bonde" peke yake, mara ya kwanza elezeni: eneo lote linalomwaga maji yake Kinyasungwe.

"Kupima" nayo siipendi sana, inaleta picha ya mita na watu wa viwanja, semeni kukadiria au kukokotoa. Na kama kuna mtu kaandika "maji ya kijani", istilahi ya wataalamu wa hesabu hii, ifuteni leo hii, kijijini hayo ni maji ya lambo yenye ukoga nani atayakubali, andikeni mvua iliyohifadhika udongoni ikatumiwa na mazao. "Maji ya kijivu" vilevile, watu watadhani ya kuoshea vyombo kumbe ni kiasi cha maji safi kinachohitajika kuzimua uchafu mpaka ufike kiwango kinachokubalika.

Mimi ningeandika hivi: "Kukadiria unyayo wa maji wa wakazi wa bonde la Mto Kinyasungwe, yaani maji yote yanayotumika majumbani mwao na yale yaliyotumika kuzalisha wanavyokula na kununua, yawe ya hapa au ya kwingine." Ndefu ndiyo, lakini mwenyekiti hatokuuliza unyayo wa nani.