Uongozi haukuanza na amri

Ndugu mmoja anadai kwamba asili ya neno "uongozi" ni kuamuru. Hapana ndugu, si hivyo. Kuamuru na kutawala ni vitenzi vingine kabisa. Kuongoza ni kuonyesha njia, ndiyo maana tuna mwongozo, na mtu asiyeona huongozwa kwa kushikwa mkono. Katika misafara ya karne ya 19, kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya wapagazi akiwa na bendera. Mwenye mali alikuwa mtu mwingine.

Kinachonifurahisha ni kwamba katika lugha nyingine pia maneno ya kuongoza yalianzia safarini. "Lead" ya Kiingereza, kwa asili yake ya kale, ni kumfanya mtu aende, na Kijerumani "führen" kimetokana na "fahren", kusafiri. Kilatini "ducere" kilikuwa kuvuta na kuongoza pia. Kiarabu "qada" ni kumtangulia mnyama ukimvuta kwa kamba. Ukimswaga kutoka nyuma, hilo lina kitenzi chake, "saqa". Imamu naye ana mzizi mmoja na "amama", yaani mbele.

Rais ndilo la njia tofauti: linatoka "ras", kichwa, kama rasi ya pwani. Hapo ndipo cheo kinapoingia.