Kwa nini mnyororo wa chakula haufiki ngazi kumi

Umeuliza kwa nini minyororo ya chakula huishia ngazi ya nne au ya tano, ilhali karibu kila mnyama ana wa kumla. Shida ni nishati: hupungua kila inapopanda. Chukua majani yenye nishati ya kilojuli 10,000. Panzi wanaoyala watajenga miilini mwao kama 1,000 tu, vyura 100, nyoka 10, mwewe 1. Hiyo asilimia 10 inayofika ngazi inayofuata ni kadirio, si sheria. Huweza kuwa 5 au hata 20.

Iliyobaki haiangamii. Nyingi hutumika katika upumuaji wa seli (seli kuvunja chakula ili kupata nguvu) na kutoka kama joto, na joto hilo hakuna mmea unaoweza kulitumia kutengeneza chakula. Nyingine hubaki kwenye kinyesi na mizoga, ambako bakteria na kuvu hujipatia riziki. Ndege na mamalia hupoteza zaidi kwa sababu huchoma chakula kupasha mwili. Ndiyo maana nyoka aliyeshiba hukaa wiki kadhaa bila kula, panya hawezi.

Halafu usichanganye: naitrojeni na kaboni huzunguka, nishati haizunguki. Ikishatoka kama joto, imetoka.