Kupimwa mlango wa kizazi bila kuwa na dalili

Dada yangu wa Malindi, umeuliza kama kuna haja ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi ilhali una miaka 38, huumwi popote, na shangazi yako ndiye aliyefariki kwa maradhi hayo. Haja ipo, wala si kwa sababu ya shangazi: maradhi haya, kwa sehemu kubwa, hayarithiwi, bali huletwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, ambavyo hata mke aliyemjua mume mmoja tu anaweza kukaa navyo miaka mingi bila kujua. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, seli huchukua kama miaka 15 hadi 20 kubadilika na kuwa saratani, na muda huo wote mwili haulalamiki. Damu ikianza kutoka baada ya tendo la ndoa, huenda maradhi yamekwisha tangulia.

Kipimo ni cha dakika chache. Muuguzi hupaka siki nyepesi, na palipobadilika huwa peupe, au huchukua ute ili virusi vitafutwe. Palipobadilika hugandishwa au huchomwa, mara nyingi bila kulazwa. Ukiona haya, omba muuguzi wa kike, na sidhani kuna atakayekushangaa.

Binti yako wa miaka 10 achanjwe sasa, kwani Kenya ilianzisha chanjo ya HPV mwaka 2019 kwa wasichana wa umri huo. Uvumi kwamba inafunga kizazi hauna msingi. Hata hivyo, akikua naye atapaswa kupimwa, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo.