Swali: Kozi ya wiki 6 ya transkripsheni ya kitabibu, niichukue au niache?

Shikamoo dada. Nilisomea uuguzi mwaka mmoja na nusu nikaishia njiani, kiingereza changu kizuri na nataipu maneno 55 kwa dakika. Nimeona kozi ya mtandaoni ya transkripsheni ya kitabibu, wanasema wiki 6 unamaliza na kazi wanakutafutia wenyewe, unalipa ada ya kozi na ada nyingine ya "kuunganishwa". Naomba kujua, wiki 6 zinatosha? Kozi ya maana naijuaje? Na kuna mtu kaniambia nisijisumbue maana siku hizi kompyuta zinaandika zenyewe, ni kweli?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo ada ya kuunganishwa maana ndo imenishtua, usiilipe. Kozi unailipa, kazi inakulipa, ukiona kazi inataka uilipe kwanza ujue hapo kazi hakuna, kuna wewe na pochi yako tu. Na wiki 6 hazitoshi, maana transkripsheni ya kitabibu ni kusikiliza sauti aliyorekodi daktari na kuitaipu iwe ripoti ya mgonjwa, sio kutaipu tu. Mtu anayeanza sifuri anahitaji miezi, wengine inafika hata mwaka, wewe uliyegusa uuguzi utakimbia kwenye anatomia na majina ya magonjwa lakini kuna kipande ambacho uuguzi haukukufundisha na hakina njia ya mkato, nacho ni sikio.

Ngoja nikuonyeshe ninachosema. Daktari anarekodi maelezo ya mgonjwa wa kiharusi, anaongea kama anafukuzwa, nyuma yake kuna kitanda kinasukumwa, unasikia "disfe..." halafu mwisho wa neno unamezwa na kelele. Inaweza kuwa dysphagia, yaani shida ya kumeza, au dysphasia, shida ya lugha, mtu anapotelewa na maneno. Tofauti ni herufi moja, na ubaya wake kiharusi kinaweza kuleta zote mbili kwahiyo huwezi kusema "huyu ana kiharusi basi itakuwa hii". Mwanafunzi hapo anarudisha sauti mara ishirini. Mzoefu anasonga mbele, sentensi mbili baadaye daktari anasema vinywaji vya mgonjwa vifanywe vizito na aangaliwe anavyomeza kabla hajaanza kula, basi, ni kumeza, unarudi unajaza. Na kama ripoti imeisha daktari hajatoa dalili yoyote, unaacha nafasi wazi, unaandika dakika na sekunde ya pale sauti ilipo, unampelekea msahihishaji au daktari mwenyewe. Nafasi wazi haimuui mtu na wala sio aibu. Kubahatisha ndo aibu, kwasababu neno la kubahatisha likishaingia kwenye faili halina alama yoyote ya kuonyesha kwamba ulibahatisha.

Mifano ya hivi ipo mingi mno. Ileum na ilium zinatamkwa sawasawa kabisa, moja ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na nyingine ni mfupa wa nyonga, hapo sikio lako liwe kali namna gani halitakusaidia, kitakachokusaidia ni kujua upasuaji unaosimuliwa ni wa tumbo au wa mifupa. Hydroxyzine ni dawa ya aleji na kuwashwa, hydralazine ni ya presha. Fifteen na fifty ndo zinanikosesha usingizi mpaka leo, miligramu 15 na miligramu 50 za dawa ileile, ndo maana daktari mwenye busara anarekodi "one five" au "five zero", ila wenye busara sio wote.

Sasa hiyo spidi yako ya 55. Sio mbaya hata kidogo, lakini fanya hesabu. Kazi hii kwa kawaida hulipwa kwa laini, na laini moja kwa hesabu iliyozoeleka ni herufi 65 pamoja na nafasi. Ripoti ya herufi 3,900 ni laini 60. Kwa spidi yako, ukitaipu bila kusimama, hizo ni dakika 14 hivi. Sauti yenyewe inaweza kuwa ya dakika 5 au 6. Lakini mwanzoni itakuchukua nusu saa na ushee, na muda wote huo wa ziada haujaenda kwenye vidole, umeenda kwenye kurudisha sauti, kutafuta jina la dawa kwenye kamusi, kujiuliza kama ni "no" au "now". Kwahiyo mtu anayekuuzia kozi ya kuongeza spidi ya kutaipu anakuuzia kitu ulichonacho tayari.

Mimi mwenyewe nilikosea hapohapo. Kozi yangu ya kwanza, sitaitaja, sauti zote zilikuwa zimesomwa na mtu mmoja ndani ya studio tulivu, kila neno linasikika hadi mwisho, nilimaliza na maksi za kujivunia. Faili la kwanza kazini alikuwa daktari wa upasuaji anatafuna kitu. Kweli kabisa, anasimulia jinsi alivyofunga mshipa huku anatafuna. Wiki ile ripoti zangu karibu zote zilirudi zimejaa nyekundu, kiwango kinachotakiwa sehemu nyingi ni usahihi wa asilimia 98 na mimi nilikuwa naogelea huko chini.

Ndo maana ukitaka kuipima kozi uliza vitu vitatu tu, na uulize kwa maandishi. Cha kwanza, ina saa ngapi za imla halisi za madaktari, na madaktari wangapi tofauti, lafudhi gani. Utakutana na Mhindi, Mskoti, Mnigeria, Mmarekani wa kusini, wote wanaongea kiingereza na wote watakutoa jasho kwa namna yake. Imla halisi maana yake imerekodiwa hospitali na majina ya wagonjwa yamefutwa, na hapa angalia sana, kozi ikikupa sauti yenye jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa ujue hao hawajui sheria au hawaijali, kimbia. Cha pili, nani anasahihisha. Kama ni kompyuta inalinganisha kazi yako na jibu halafu inakupa asilimia, hiyo haikufundishi, unahitaji mtu aliyefanya kazi hii akuandikie pembeni kwamba hapa umekosa koma na maana imegeuka, hapa umeandika dozi ambayo hakuna binadamu anapewa. Waombe wakuonyeshe ripoti moja iliyosahihishwa. Cha tatu, je wanafundisha kuhariri maandishi ya mashine? Hili la tatu ndo linajibu wasiwasi wa huyo rafiki yako.

Rafiki yako amesema kweli nusu. Kutaipu kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho kunapungua na kutaendelea kupungua, nisikudanganye, hata wizara ya kazi ya Marekani kwa miaka sasa inatabiri kwamba ajira hizi zitashuka. Microsoft ilitangaza mwaka 2021 kuinunua Nuance, wenye programu ya Dragon inayobadili sauti ya daktari kuwa maandishi, kwa karibu dola bilioni 19.7, na 2022 wakakamilisha, hela kama hiyo haitolewi kwa mchezo. Siku hizi programu inasikiliza hata maongezi ya daktari na mgonjwa inatoa muhtasari yenyewe. Ila hao madaktari wanaotafuna bado wapo, na mashine ina tabia moja mbaya, mara nyingi haiachi nafasi wazi. Isiposikia inaandika tu kitu kinachofanana na sentensi, imenyooka, sarufi safi, na akili mnemba wakati mwingine hutunga maneno ambayo hakuna aliyeyasema, hasa pale palipokuwa kimya. Daktari kasema mgonjwa hana maumivu ya kifua, "no" ikapotea, sasa ana maumivu ya kifua. Mwanafunzi akisoma anaona sentensi nzuri anapita.

Kwahiyo kazi iliyobaki kwa kiasi kikubwa ni ya kuhariri, unasikiliza huku unasoma kilichoandikwa na mashine, na ni ngumu kuliko inavyosikika maana macho yanaamini kilichoandikwa kuliko masikio. Malipo yake kwa laini ni madogo kuliko ya kutaipu, mara nyingi karibu nusu, hoja yao ni kwamba unaenda haraka zaidi. Ukipata daktari ambaye mashine haimuelewi huendi haraka popote, unafuta kila kitu unaandika upya kwa bei ya nusu, hilo litakukera na hakuna wa kumlalamikia. Chama cha watu wa kazi hii Marekani kilianza 1978 kwa jina la AAMT, neno transkripsheni likiwa ndani, ilipofika 2007 wakabadili wakawa AHDI, neno hilo wakalitoa wakaweka maneno yenye maana ya uadilifu wa kumbukumbu za afya. Waliona mbali. Vyeti walivyoanzisha vinavyojulikana ni viwili, RHDS cha anayeanza na CHDS cha mzoefu, na cheti cha namna hiyo unakipata kwa kufanya mtihani, sio kwa kumaliza kozi, usichanganye na kile karatasi cha rangi utakachopewa na shule.

Ndani ya kozi yenyewe tegemea kukutana na aina nne za ripoti ambazo ndo uti wa mgongo: historia ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili, ripoti ya daktari bingwa aliyeombwa ushauri, ripoti ya upasuaji, na muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitali. Ya upasuaji ndo mwalimu mzuri kuliko zote, vifaa vingi vina majina ya watu na nyuzi zina majina ya kibiashara. Utafundishwa pia sheria ndogondogo zinazoonekana za kijinga mpaka ujue zimetoka wapi. Unaandika 0.5 na sio .5, kwasababu nukta ikifutika inakuwa 5. Unaandika 5 na sio 5.0, kwasababu nukta ikifutika inakuwa 50. Neno "units" kwenye insulini unaliandika lote, usiweke U, maana 10U imewahi kusomwa 100 na wagonjwa wakaumia. Joint Commission ya Marekani, wanaokagua hospitali, waliweka orodha ya vifupisho visivyotakiwa tangu 2004, ibandike ukutani. Na faragha usiichukulie kama somo la kujazia: sheria ya HIPAA ya 1996 kule Marekani, na ile ya GDPR ya Ulaya iliyoanza kutumika 2018, zinakuhusu ukishika faili za wagonjwa wa huko, hata ukiwa unafanyia kazi chumbani kwako. Laptopu usishee na mtu, hedfoni masikioni muda wote, na usije ukakopi kipande cha ripoti ukakibandika kwenye tovuti ya bure ya akili mnemba ikusahihishie, hapo umeshatoa siri ya mgonjwa nje.

Vifaa sio vingi. Hedfoni nzuri inayoziba masikio, pedali ya mguu ya kusimamisha na kurudisha sauti ili mikono isitoke kwenye kibodi, na programu ya kuchezea sauti kama Express Scribe. Usinunue pedali mwezi wa kwanza, vitufe vya kibodi vinatosha mpaka ujue unabaki. Kitu ambacho ningekinunua mapema ni programu ya kufupisha maneno, ukiandika herufi tatu inatoa sentensi nzima, hiyo ndo inaongeza kipato kuliko spidi ya vidole. Ila itazame inachotoa, nimeshawahi kuona kifupisho kimoja kinamuondoa mgonjwa wa kike tezi dume.

Kwa hali yako ningeomba wakuruhusu ufanye mtihani wa anatomia mapema uruke sehemu hiyo, baadhi ya shule zinakubali, na muda utakaookoa uumwage wote kwenye imla. Kabla ya kulipa popote tafuta mhadhara wa udaktari wa kiingereza wa bure mtandaoni, chukua dakika 5, taipu kila neno, lala, kesho yake sikiliza tena ukiwa na kalamu nyekundu. Utajijua. Na hao wa wiki 6 waandikie leo uwaulize yale maswali matatu, halafu ada ya kuunganishwa waambie waikate kwenye mshahara wako wa kwanza, uone watajibu nini.